Wasaa wa Neno katika Nyumba yenye Watoto

Katika nchi ya Waluba, pale mto Luvua unapomwaga maji yake katika Lualaba, uko mji wa Ankoro. Na katika mji huo, kama katika kila mji wenye Wakristo, ipo lawama moja ambayo wazazi wa watoto wadogo hujitwika wenyewe bila ya kushitakiwa na mtu yeyote, nayo ni kwamba zamani, walipokuwa vijana wa kwaya, walikuwa wasomaji wa Maandiko, wakimaliza Injili nzima kwa juma moja na kuhifadhi zaburi nyingi, lakini tangu alipozaliwa mtoto wa kwanza, na baada yake wa pili na wa tatu, kitabu kimelala sandukuni chini ya nguo za Jumapili, kikitolewa siku ya ibada ili kibebwe kwapani kwenda kanisani, kisha kirudishwe palepale. Mwenye kusema maneno haya, na kuyasema kwa huzuni ya kweli, aghalabu ni mama. Baba yumo katika hali ileile, pengine mbaya zaidi, ila dhamiri yake haimkeri kiasi hicho, na sababu ya tofauti hiyo nitaigusa baadaye.

Jawabu analolipata mama huyo kwa wahubiri, wawe Wapentekoste au Wamethodisti, wa misheni ya Garenganze au Wakatoliki, ni karibu moja: aamke kabla ya watoto, ajitenge, afunge mlango, asome kwa utulivu, ndipo aianze siku. Wanaolitoa jawabu hili hulitoa kwa nia njema, wala sina shaka kwamba wapo waliofaidika nalo. Lakini tulitazame mahali pake, yaani katika nyumba ya vyumba viwili ambamo chandarua kimoja huwafunika watu watatu au wanne. Mama anapoinuka, mtoto wa mwaka mmoja aliyelala ubavuni mwake hukosa joto la mwili, na kabla mama hajapapasa taa, mtoto amekwisha kulia. Kilio hicho humwamsha wa pili, ambaye hutaka maji, na wa tatu, ambaye hataki kitu ila kujua kwa nini wenzake wameamka. Mlango wa kufungwa haupo, maana kati ya chumba na chumba mna pazia la kikwembe. Kisha moto uwashwe, maji yachotwe mtoni, mashati meupe ya shule yapatikane yalipo, na jua halijapanda mama awe njiani kwenda shamba la mihogo na mtoto mgongoni. Nasema kwa staha, lakini sina budi kusema: shauri la alfajiri ni shauri la mtu asiyelala na mtoto.

Nalo si shauri la kale kama wengi wanavyodhani. Taratibu za kusoma Biblia nzima kwa mwaka, ambazo siku hizi husambazwa kwa karatasi na kwa simu hata katika miji ya mbali kama huu wetu, nyingi zina nasaba na jedwali ambalo Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee katika Uskoti, aliwatungia watu wa kanisa lake mwaka 1842, lenye sura nne kwa kila siku, ili Agano la Kale limalizike mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Bwana huyo alikuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano, na alikuwa kijana, na alikuwa mseja. Alifariki mwaka uliofuata hali hajatimiza miaka 30, hajaoa wala hajapata kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mtu angeweza kuishia hapo na kucheka, lakini hiyo isingekuwa haki, maana M'Cheyne alikuwa na busara kuliko wengi waliomfuata: sura zile nne aliziweka katika safu mbili, mbili za kusomwa na jamaa wote wa nyumba kwa pamoja, na mbili za mtu kusoma katika faragha yake. Mseja yule aliikumbuka nyumba. Waliokuja baadaye wakaichukua hesabu yake ya sura, wakaiacha ile safu ya kwanza, na ndipo mzigo uliokuwa wa watu wengi ukamwangukia mtu mmoja mmoja, kila mtu na dhamiri yake, kila mtu na sura zake 1,189, au zaidi ya hapo ikiwa ni Mkatoliki.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Naona kwamba tumelikosea swali lenyewe tangu mwanzo. Tunauliza namna mzazi atakavyopata wasaa mbali na watoto ili asome, kana kwamba kusoma Maandiko kwa asili yake ni tendo la mtu aliye peke yake na kimya kimemzunguka, ilhali Maandiko yenyewe hayajui sana usomaji wa namna hiyo. Kumbukumbu la Torati liliagiza kwamba kila baada ya miaka saba, katika Sikukuu ya Vibanda, torati isomwe mbele ya Israeli wote, na likawataja wanaume, wanawake, watoto na wageni. Yoshua aliposoma maneno yote ya torati katika mlima Ebali, mwandishi hakuridhika kusema kwamba mkutano wote ulikuwapo. Alitaja pia wanawake na watoto wadogo. Yeyote aliyewahi kukaa mahali penye watoto wadogo wengi, chini ya jua, kwa muda wa usomaji mrefu kama ule, anajua sauti zilizosikika siku ile juu ya Ebali. Na bado hakuna aya inayosema kwamba Yoshua alisita, au kwamba mama fulani aliombwa amtoe mwanawe nje. Na katika kitabu cha Ufunuo, baraka ya mwanzo hutolewa kwa msomaji mmoja na wasikiaji wengi, kwa kuwa ndivyo makanisa yale yalivyokuwa: kitabu kimoja, mdomo mmoja, masikio mengi. Nyaraka za Paulo zilifika kwa njia hiyo, zikasomwa katika nyumba za watu, na nyumba za watu zilikuwa na watoto.

Timotheo alijua Maandiko tangu utoto wake, na Paulo anapotafuta imani ile ilitoka wapi, anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hasemi neno juu ya baba, ambaye tunaarifiwa katika Matendo ya Mitume kwamba alikuwa Myunani. Ikiwa mwanamke mmoja wa Listra aliweza kumlea mtoto katika Maandiko, zama ambazo gombo lilikuwa adimu na lilitunzwa katika sinagogi, basi ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika bila ya gombo mkononi, kwa maneno yaliyokuwa yamekwisha kuingia kifuani.

Wala sisi wa upande huu wa ziwa Tanganyika hatukulipokea Neno kwa njia nyingine. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walipokabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, kituo ambacho Mbelgiji Émile Storms alikianzisha miaka miwili kabla, walianza na mafundisho ya kusikia na kuitika, swali na jawabu, mpaka mtoto akajua katekisimu nzima kabla ya kujua herufi. Na katika mazingira hayo ndimo alimokulia Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kufikia daraja hiyo katika zama za ukoloni. Upande wa Waprotestanti, mwaka 1915, mwaka uleule ambao reli ya kutoka Kabalo iliunganishwa na ziwa pale panapoitwa leo Kalemie, wamisionari William Burton na James Salter waliingia Mwanza ya Katanga, katikati ya Waluba, wakiwa na Injili na elimu ya kusoma kwa pamoja, na J. A. Clarke wa Garenganze, aliyekaa Mulongo juu ya Lualaba, alijitaabisha kuyafasiri Maandiko kwa Kiluba. Kazi hizo zote zilikuwa za vitabu, na wote hao waliviheshimu vitabu mno. Lakini vitabu vilikuwa vichache na wasomaji walikuwa wachache zaidi, hivyo katika kila kijiji mwalimu mmoja alisoma, na watu wakarudia, na mama akarudi nyumbani na aya moja aliyoisikia, akaiimba huku akitwanga.

Ziko siku ambazo elimu hiyo ya kifuani ilionekana thamani yake kwa namna ya uchungu. Novemba 2002, jeshi la serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipopigana Ankoro, maelfu ya nyumba ziliteketea, raia wengi wakafa, na walionusurika walikimbia na kile walichoweza kukibeba, yaani watoto kwanza. Biblia zilizokuwa masandukuni ziliungua pamoja na masanduku. Mama aliyekuwa porini usiku ule hakuwa na sura nne za siku, wala hakuwa na taa. Kama alikuwa na kitu cha kumnong'oneza mtoto ili asilie, ni kile alichokwisha kukihifadhi. Silitaji jambo hili ili kudharau kitabu. Nalitaja kwa sababu watu wengine husema kwamba kusikia ni daraja ya chini, ya wale wasiojua kusoma, nami sioni namna ya kulikubali neno hilo.

Tuingie sasa katika nyumba ya saa kumi na mbili na nusu za jioni, kwa kuwa huo ndio wakati ambao naamini kwamba mji huu ungeutumia vizuri zaidi kuliko alfajiri. Moto umekolea, maji ya bukari yanakaribia kuchemka, na sombe imekwisha kutwangwa, inasubiri mawese. Mama ana mikono miwili na yote ina kazi; hawezi kushika kitabu. Lakini masikio yake hayana kazi. Na katika nyumba hiyo kuna mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, yaya wa wadogo zake, ambaye shule imemfundisha herufi na ambaye anahitaji mazoezi ya kusoma kuliko anavyohitaji jambo jingine lolote wakati ule. Apewe kitabu. Akae karibu na moto au chini ya ile taa ndogo ya jua, asome aya kumi, kwa Kiluba au kwa Kiswahili, au kwa Kifaransa ikiwa ndicho kitabu kilichopo na mama anakijua. Atakwama. Atasoma jina la Nebukadneza mara tatu, na mara zote tatu kwa namna mbalimbali. Mdogo wake atadakia, mwingine atavuta ukurasa, kuku atapita katikati. Na mama, bila ya kugeuka kutoka kwenye sufuria, atasema, «Rudia hapo, mwanangu, sikusikia vizuri», na kwa kurudiarudia huko aya ile itakuwa imesomwa mara nyingi kuliko ambavyo msomaji wa peke yake angeisoma kabla ya kuiruka.

Tena, katika usomaji wa namna hiyo watoto huuliza maswali ambayo wakubwa wameacha kuyauliza. Chukua mwisho wa Injili ya Yohana, pale wanafunzi wanapovua samaki wakubwa 153. Wafasiri wamejaza kurasa nyingi wakitafuta siri ya hesabu hiyo, na wengine wamepata maana za ajabu. Mtoto wa Ankoro, ambaye kila siku huona mitumbwi ikishusha samaki, haendi mbali hivyo, huuliza tu, «Nkambo, nani aliwahesabu?» Na bibi, ambaye huku kwetu huitwa nkambo, hujibu akiwa ameketi mkekani: «Aliyewavua ndiye aliyewahesabu, mjukuu wangu, na wachuuzi wangewahesabu tena mara ya pili.» Watu hucheka. Lakini mtoto wa mvuvi hacheki, kwa sababu yeye jambo lililomshangaza si hesabu ya samaki. Ni lile neno dogo linalofuata, kwamba wavu haukupasuka. Amemwona baba yake akikaa siku nzima na uzi akiziba matundu, anajua wavu hufanya nini ukilemewa, na kwa hiyo amelishika neno ambalo wengi wetu tumelipita mara elfu. Sijui ni nani kati ya mama, nkambo na mtoto aliyesoma Maandiko jioni hiyo. Nadhani wote watatu.

Mtu mwenye hoja atasema: hayo ni mazuri, lakini usomaji wenye kelele haugusi moyo, roho hutaka kimya. Ni hoja nzito, na mwenye kuitoa anaweza kumleta Augustino awe shahidi wake, kwa kuwa katika kitabu chake cha Maungamo ameeleza namna alivyomkuta Ambrosi, askofu wa Milano, akisoma huku macho yakipita katika kurasa na sauti ikiwa imenyamaza, jambo ambalo lilimshangaza sana Augustino. Naam, lakini tusome habari yote. Ambrosi hakuwa amefunga mlango. Augustino anasema kwamba watu waliingia bila ya kuzuiwa wala kutangazwa, wakaketi, wakamtazama, wakaondoka. Kimya kile kilikuwa kimya cha mtu aliyezungukwa. Na Augustino alikisia kwamba huenda askofu alinyamaza ili asiulizwe maswali na wasikiaji, au ili kuihifadhi sauti yake iliyokuwa nyepesi kukauka, ambazo ni sababu za mtu aliyechoka na watu, nazo mama yeyote atazifahamu bila ya kufasiriwa.

Kisha katika kitabu hichohicho, mbele kidogo, yumo Augustino mwenyewe bustanini, mwaka 386, analia chini ya mtini, hajui afanye nini na maisha yake. Alikuwa na faragha aliyoitaka, hata rafiki yake alikuwa amemwacha nyuma kidogo. Alikuwa na kimya, na kitabu cha Paulo kilikuwa karibu. Hakukifungua. Kilichomwinua ni sauti ya mtoto, wa kiume au wa kike hakuweza kutambua, kutoka nyumba ya jirani, ikiimba na kurudia maneno ya kumtaka mtu atwae na asome. Na yeye, baada ya kujiuliza kama watoto wana mchezo wenye wimbo wa namna hiyo asikumbuke wowote, aliinuka, akakitwaa kitabu, akasoma sehemu ya Waraka kwa Warumi, na Kanisa la Magharibi halikuwa lilelile tena. Basi ikiwa tunatafuta mfano wa mtu aliyesoma Maandiko kwa moyo wote, huyu ndiye. Nasi tunaona kwamba kelele ya mtoto haikumtoa kitabuni, ndiyo iliyompeleka.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mama wa Ankoro kwa kumwambia kwamba usomaji wa jikoni unamtosha. Haumtoshi. Naye ni mtu, ana akili yake na maswali yake, na yako maneno katika Ayubu na katika Mhubiri ambayo mtu hapendi kuyasikia kwa mara ya kwanza kwa mdomo wa mtoto wake anayekwamakwama. Anastahili saa yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Ufunuo iliyotolewa Novemba 1965, uliwahimiza waamini wote, wala si mapadri na watawa peke yao, wayasome Maandiko mara kwa mara. Na kabla ya hapo Waprotestanti walikwisha kuling'ang'ania neno hilo kwa karne nne. Katika «wote» hao mama mwenye mtoto mgongoni yumo.

Yapo madogo anayoweza kuyafanya mwenyewe. Zaburi ya 117 ina aya mbili tu, ya 134 ina tatu, na ya 131, inayomfananisha mtu aliyetulia mbele za Mungu na mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kwa mama yake, nayo ina tatu. Hizo zaweza kusomwa usiku mtoto anaponyonya, na zikisomwa kwa juma zima zitakuwa zimehifadhiwa. Aya moja ikae moyoni kutwa kama mihogo inavyolowekwa: hakuna mwanamke anayekaa ukingoni kuilinda mihogo siku zote ilizomo majini, huenda zake shambani, na maji hufanya kazi yao. Watu wa kale waliita jambo hilo kutafakari, na walilihesabu kuwa nusu nzuri ya kusoma.

Lakini saa kamili, saa ya kukaa na kitabu na kufikiri, mama hawezi kuipata isipokuwa mtu mwingine amemshikia mtoto, na hapa ndipo nilipoahidi kurejea kwa baba. Tazama jioni katika mitaa ya Ankoro. Mwanamume amerudi, amenawa, ameketi kitini chini ya mwembe au barazani pa jirani, anazungumza habari za bei ya samaki na za barabara ya Manono, na mazungumzo hayo ni mema, nami huyapenda, lakini ni wasaa, wala hauna jina jingine. Mtu mwenye wasaa huo kila siku, na ambaye mke wake analalamika kwamba hana hata robo saa ya kusoma, hawezi kusema kwamba nyumba yake imekosa muda. Muda upo, umekaa kitini. Sisi wanaume tumezoea kuihesabu ibada ya mke kuwa ni shauri lake na Mungu wake, na ulezi wa mtoto kuwa ni shauri la wanawake, kisha tunashangaa kwa nini mashauri hayo mawili yanapigana ndani ya mwili wa mtu mmoja. Mchungaji anayesimama mimbarini kuwakemea akina mama kwa kutosoma Neno angefanya vyema zaidi kuwageukia waume waliokaa upande wa pili na kuwauliza ni jioni zipi katika juma hili walizomchukua mtoto ili mwenzao asome. Mama Kanisa na mama wa nyumbani wote wangenufaika na ukimya utakaofuata swali hilo. Na kama baba anajua kusoma, basi shauri ni jepesi zaidi: yeye ndiye asome kwa sauti mke anapopika, ampumzishe yule mtoto wa shule siku mbili tatu, na asione kwamba ameshushwa cheo kwa kukaa karibu na sufuria.

Itasemwa kwamba baba wengi hawapo. Ni kweli. Machimbo ya Manono yamewachukua, na kambi za uvuvi huwashikilia kwa majuma, na wengine wamekwenda Kalemie au Lubumbashi kutafuta riziki, na mama ndiye aliyebaki kuwa kichwa cha nyumba, apende asipende. Kwa mama wa namna hiyo najua habari moja ya mbali ambayo naona inamhusu kuliko watu wa karibu. Susanna Wesley, mama wa John na Charles waliokuja kuwa waanzilishi wa Wamethodisti, alizaa watoto 19, akazika tisa wangali wachanga. Katika majira ya baridi ya mwaka 1711 kuingia 1712, mume wake Samuel, kasisi wa parokia ya Epworth katika Uingereza, alikuwa London kwa kazi za Kanisa, akimwachia mke watoto na nyumba ambayo miaka mitatu tu kabla ilikuwa imeungua mpaka chini. Jumapili jioni Susanna aliwakusanya watoto na watumishi jikoni, akawasomea sala na hotuba. Hakukusudia zaidi ya hapo. Mtumishi mmoja akawaambia wazazi wake, wazazi wakaomba kuja, majirani wakafuata, hata jioni nyingine watu wapatao 200 walikuja kusikiliza, na wengine hawakupata hata mahali pa kusimama.

Kasisi aliyeachwa mahali pa Samuel hakupendezwa, maana jiko la mwanamke lilikuwa na watu wengi kuliko kanisa lake. Akaandika London kushitaki, na mume akamwandikia mke kwamba jambo hili halipendezi, kwa kuwa yeye ni mwanamke, na kwa kuwa watasemwa. Susanna alijibu kwa adabu, hoja kwa hoja, akieleza kwamba nyumba hii na roho zilizomo amekabidhiwa yeye mume asipokuwapo, na kwamba watu ambao hawakuwa wakionekana kanisani sasa wanaonekana. Kisha akaongeza sharti. Kama Samuel anaona kwamba usomaji ule ukomeshwe, asimwandikie kwamba angependa ukome, kwa kuwa hilo halitamwondolea yeye hatia mbele ya dhamiri yake. Amwandikie amri ya wazi na kamili, ili siku watakaposimama wawili hao mbele ya hukumu, aulizwe aliyeamuru. Amri haikuja. Usomaji wa jikoni uliendelea mpaka mume aliporudi, na miongoni mwa watoto waliokuwamo humo alikuwapo John, mwenye miaka minane.